Usikate Majani ya Vitunguu

Wewe unayeanza kulima vitunguu, neno la kwanza ni hili: usikate majani. Usikate! Wala usimruhusu mtu ayakate, hata awe mama mkwe wako. Mimi neno hilo nililijua, nikalimeza kwa ajili ya heshima, na mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka.

Mume wangu alipofariki tulibaki mimi, watoto na mama yake kwenye parseli, kiwanja cha familia, huku Carama, pembeni mwa jiji la Buja. Mwenye kauli juu ya parseli akawa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anayekaa Kigobe kwenye nyumba yake nzuri. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kipande cha ardhi kilichojaa magugu. Yeye alitaka kujenga hapo vyumba vya kupangisha, mimi nikamwomba nilime. Akajibu mbele ya mama yake: "Bon, lima musimu moja. Nikikuta inazaa, kipande ni yako. Isipozaa, mi najenga."

Nikashika jembe. Nilikuwa sijawahi kulima. Nimekulia Nyakabiga, katikati ya mji, na kwetu kitunguu kilitoka dukani. Nikapanda vitunguu saumu, vikatoa majani tu, chini hamna kitu. Jirani alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, saumu inataka baridi ya kule milimani. Hapa Buja unaichoma na jua tu!" Sawa, nikacheka naye. Eshaloti, vile vitunguu vidogo vinavyozaa kwa vikundi, nilivifukia chini mno vikaoza. Hayo ni makosa ya mwanafunzi, hayaniumi. Vitunguu vyekundu vya kawaida ndivyo vilivyonikubali. Niliotesha miche kwenye kitalu, nikaihamisha ilipopata unene wa penseli, mizizi ndani, shingo nje, nafasi ya kiganja kati ya mmoja na mwenzake. Asubuhi namwagilia, jioni napalilia. Vikasimama, kijani kibichi, nikawa napita hapo hata kama sina kazi.

Kisha mama mkwe akaingia na kisu.

Huku kwetu mboga ni majani. Sombe, yale majani ya muhogo, unachuma, lengalenga, mchicha wetu, unakata, baada ya siku chache zimerudi, tena zimenona. Yeye akaona vitunguu ni hivyo hivyo. Kila mchana anafyeka majani ya vitunguu vyangu, anayatia kwenye mchuzi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani. Na anajisifu! "Mwanangu, mi nakusaidia. Ukikata inazidi kunona."

Inazidi kunona! Jamani, kitunguu si lengalenga. Yale majani ya juu ndiyo yanayokilisha kile cha chini. Ukiyamaliza, chini kinakufa njaa. Jirani alikuwa ameshanieleza. Lakini nianzie wapi kusema? Mwanamke aliyeolewa hamnyimi mama wa mume wake mboga. Nilipanda lengalenga pembeni ili mkono wake uende huko, akazipita kama hazioni. Siku moja nikajikaza: "Mama, tuyaache kidogo, vikue." Akanitazama juu mpaka chini. "We! Leo mi napimiwa chakula ndani ya nyumba ya mutoto wangu?" Kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulishajua kwamba namnyima kula. Nikamwacha akate. Nilikuwa nikisikia kile kisu kinanolewa, nasaga meno.

Miche iliyobaki kwenye kitalu nikaenda kuipanda nyuma ya choo, mahali ambapo yeye hawezi kuchuma kitu hata umlazimishe.

Msimu ulipoisha, shemeji alikuja Jumapili, baada ya misa. Akala kwanza. Samaki mukeke, mchuzi mzito, majani ya vitunguu yanaelea juu. "Eh, Mama, hii mchuzi iko tamu! Inanukia kabisa!" Mama akacheka kwa raha. Mimi nilisimama mlangoni na maji ya kunawa.

Halafu akaenda shambani, akang'oa kitunguu kimoja. Kidogo kama gololi. Akang'oa kingine, hivyo hivyo. "Sasa hii ni nini? Si nilisema? Hapa apana kitu."

Hapo nikalipuka. "Apana kitu? Hicho kitu umekila sasa hivi, kiko tumboni mwako! Mama yako anakata majani kila siku, vitunguu vitakula nini?"

"Yoo!" mama mkwe akajipiga mapajani. "Mi? Mi nilikuwa namusaidia!"

Nilimshika shemeji mkono, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikamvuta mpaka nyuma ya choo. Nikang'oa. Kikatoka kitunguu cha kujaza mkono, chekundu, kinang'aa. "Hivi havikukatwa. Udongo ni ule ule. Angalia!"

Akakigeuza. Akakibonyeza kwa kidole gumba. Mama mkwe naye akafika, akakitazama. Nilijua nimeshinda. Nilijua kabisa.

"Kumbe udongo ni muzuri," shemeji akasema taratibu. "Kujenga hapa ni kuiharibu bure."

Nikashusha pumzi, machozi karibu yanitoke. Yeye akapangusa vidole, akatoa simu, akampigia mke wake kule Kigobe. "Sheri, ile kipande ya Carama inazaa. Apana, sijengi tena. Utapanda vitunguu yako hapa."

Mama mkwe ndiye aliyeuliza. "Na huyu? Si ulimuahidi mbele yangu?"

"Nani, huyu?" Hata hakunigeukia. "Huyu atamusaidia. Kazi si anaijua?"