Mfungo Nilioukubali Nikijua Nimekatazwa Njaa

Laiti ningebaki nimeketi. Mchungaji aliuliza nani atafunga siku tatu bila chakula wala maji, na mimi, mzee wa kanisa, nikasimama wa kwanza. Ndugu yangu mdogo, Kamau, akanicheka: "Wewe ukikosa chai ya saa nne unatetemeka!" Kisha akasimama pia.

Nilikuwa nimestaafu kutoka kiwanda cha nguo cha Thika. Tangu ujana, misuli yetu sisi wawili ilichoka upesi. Mwezi mmoja kabla ya mfungo nilipimwa, na daktari akanieleza polepole.

"Mzee, ndani ya seli kuna mitokondria, ni kama vinu vya kutengeneza nguvu. Vinasoma nakala za maagizo ya jinsi ya kufanya kazi hiyo. Kuna protini inayolinda nakala hizo zisiharibike mapema. Yako ni hafifu, kwa hivyo nakala zinaharibika kabla kazi haijaisha. Ukikaa na njaa, vinu vitashindwa kabisa. Ni ugonjwa wa kurithi. Mwambie ndugu yako aje."

Sikumwambia. Niliogopa kanisani waseme ukoo wetu una kasoro.

Siku ya pili ya mfungo nilipumua kama mtu aliyekimbia. Mapaja yaliuma, nikatapika nyongo. Mke wangu alisimama na kikombe. "Baba Njeri, utakunywa uji huu ama niite majirani wakushike?"

"Bado kesho tu," nikasema. Nilipojaribu kusimama, nilijikojolea na kuanguka.

Hospitalini waliniwekea dripu ya sukari. Daktari alisema damu ilikuwa imejaa asidi. Nilipopata sauti, nilisema, "Mpigieni Kamau. Ale sasa hivi." Mke wangu alipiga. Simu iliita tu. Akapiga tena. Nilitazama midomo yake nikingoja iseme "haloo." Jirani wa Kamau kule Theta alitumwa kubisha mlango.

Leo natembea kwa mkongojo na nakula kila baada ya saa tatu. Namshukuru Mungu, na namshukuru mke wangu aliyebeba uji ule hadi hospitalini. Wewe uliyeambiwa ugonjwa wako ni wa kurithi, waambie ndugu zako siku hiyohiyo. Mungu hakasiriki ukila.

Mimi nilipona. Kamau alikutwa sakafuni, amekufa, akiwa bado amefunga kwa sababu mimi nilisimama na nikanyamaza.