Masale ya Uani

Mama Neema alitaka maua, mimi nilitaka ua. Tukakubaliana: waridi lake mlangoni, masale yangu, miti ya kuzungushia ua, nyuma ya nyumba. Siku chache baadaye waridi halipo. Nikamwambia limeunguzwa na jua la hapa Same, nimeling'oa.

Jumamosi nikatoka milimani nimekumbatia mzigo wa masale. Akanipokea mlangoni, mikono kiunoni.

“Baba Neema, isale ni la kuombea msamaha. Umekosa nini?”

Nikautua mzigo. “Nisamehe mke wangu! Mbuzi alikata kamba nimelala, akalitafuna waridi mpaka shina.”

Akashusha mikono.

“Mimi nilikuwa nakutania,” akasema. “Kumbe mbuzi?”

Akachomoa isale moja, akanikabidhi. “Haya, rudi barabarani. Uje upya, uombe vizuri.”