Milango Inayolia

Fundi alikuwa na miaka hamsini na nane, na kazi yake ilikuwa milango. Akisikia mahali kuna mlango uliolala au komeo lililogoma, alibeba kisanduku chake akaenda. Na bawaba ikiwa inalia, kabla ya kuitia mafuta alitoa simu, akaufungua mlango polepole na kurekodi kilio chake.

"Unafanya nini tena?" wateja walimshangaa.

"Nikishatia mafuta ndiyo basi. Sauti hii hutaisikia tena."

Sauti hizo aliziweka mtandaoni, kwenye ukurasa alioupa jina la Milango Inayolia. Aliuanzisha mwaka ule mkewe alipoondoka na kuolewa kwingine, nyumba ikawa kimya hadi akawa anaisikia friji ikihema.

Hakutarajia mtu kuusikiliza, lakini watu wakaja mmoja mmoja mpaka wakafika mia tatu na ushee. Walituma milango yao wenyewe, ya bweni, ya stoo, ya banda la kuku, kisha wakabishana kwa dhati kabisa kama mlango fulani unalia kama mbuzi au kama mtu mwenye mafua. Wa kwanza kujibu kila asubuhi alikuwa mwanamke aliyejiita Bibi Kitasa. "Huu wa leo umeamka na mgongo," angeandika. Fundi angemjibu, naye angejibu tena, hadi chai ya Fundi ipoe mezani.

Wazo la watu wa ukurasa kukutana ana kwa ana lilitoka kwa shemeji yake, kaka wa yule mke aliyeondoka. Ndoa ilivunjika, lakini shemeji hakukata mguu. "Mimi sikupewa talaka," alisema, akijimiminia chai.

Jumamosi alasiri Fundi akafagia karakana, akapanga mabenchi ya watu thelathini. Walikuja wanne.

Mwalimu mstaafu wa hesabu alimkazia macho mlangoni. "Kumbe una nywele! Kwa maandishi yako nilijua ni kipara." Nesi wa wodi ya watoto alikuja na sare ya kazini. Dereva wa lori aliigiza mlango wa lori lake kwa mdomo, na mikono ikisaidia, wote wakacheka hadi machozi. Fundi naye alicheka. Ila kila mmoja alikuwa na mlango wake wa kusimulia, na saa nzima ilipita bila mtu kumuuliza yeye anaishi na nani.

Wa nne alichelewa. Mwanamke mrefu, mshonaji wa sare za shule, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Mimi ndiye yule wa kitasa," alisema.

Fundi alikuwa amengoja siku hiyo kwa wiki tatu. Akamkaribisha benchi la mbele, akaketi karibu naye.

"Umefika salama?"

"Nimefika."

"Njiani je?"

"Kuzuri tu."

Wakaishia hapo. Fundi akatazama viatu vyake, mama akatazama ukuta wenye misumeno. Mara mbili walifungua midomo kwa pamoja, kila mmoja akamwachia mwenzake. Nesi alipoaga kuwahi zamu, mama naye akainuka.

"Yule mama vipi?" shemeji, aliyekuwa ameketi pembeni na chai yake muda wote, aliuliza wageni walipokwisha kuondoka. "Mlikaa kama watu wa foleni ya benki!"

"Sijui, shemeji. Maneno yalinikimbia."

"Na asubuhi zote mnaandikiana nini?"

Fundi akageuka kukusanya vikombe. Shemeji akamaliza chai yake, akaenda zake.

Jua lilikuwa linazama simu ilipotoa mlio. Ulikuwa ujumbe wa Bibi Kitasa. "Nimefika nyumbani. Nisamehe, nilikuja na maneno tele, nikakuona, yakayeyuka."

Fundi aliusoma akiwa amesimama katikati ya mabenchi matupu. Akaandika, "Na mimi vilevile." Kisha akaandika, akafuta, akaandika tena: "Jumamosi ijayo nipo. Hakutakuwa na watu."

Akaona ameusoma. Akaona anaandika. Akaona ameacha. Akaona anaandika tena, kwa muda mrefu, kama mtu anayetunga barua.

Jibu lilipokuja lilikuwa neno moja. "Nitaangalia."

Fundi akaitia simu mfukoni. Akashika ncha ya benchi la kwanza na kuanza kuliburuta kulirudisha ukutani, maana lilikuwa zito na hapakuwa na wa kushika ncha ya pili.