Taa Mpaka Maharage Yaive

Boniventura Mayala, fundi redio wa Bariadi, alikuwa na sheria moja kazini: pawasaplai haitoki mezani mpaka iwashe taa ya lori na maharage ya mke wake yaive.

Pawasaplai ni kile kisanduku kizito kinachopokea umeme wa jenereta na kuushusha hadi volti kumi na tatu na kitu, kiasi ambacho redio ya upepo, ile ya kuongea na walio mbali, inaweza kukibeba. Pawasaplai ikiharibika vibaya haizimi. Inaachia volti ishirini na zaidi, na redio inakufa kabla mtu hajatoa mkono kwenye swichi. Boniventura hakuiamini mita peke yake. "Mita haina njaa," alikuwa akisema. "Inasoma tu. Ipe pawasaplai mzigo uone." Mzigo wake ulikuwa taa mbili za mbele za lori bovu, amezifunga kwenye ubao. Saa hakuwa nayo. Lakini Stephania, mke wake, alipika chakula cha kuuza kwenye ubavu wa kibanda, na maharage yake yalichukua saa moja na nusu, yasizidi sana wala kupungua. Chungu kilipotengwa jikoni, taa iliwashwa. Maharage yakiiva na taa ikiwa haijayumba, mteja alikula, akabeba mali yake akaenda. Hakumpunguzia mtu muda huo, hata padri.

Mwaka wa tisini na tano wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wamejaa wilayani. Kila kampuni ilikuwa na vituo vyake, na kila kituo kilikuwa na redio ya kupokea bei kutoka Mwanza. Kampuni moja ilikuwa na vituo tisa, na wakala wake aliitwa Nathanael, kijana wa mjini mwenye pikapu na miwani ya jua. Asubuhi moja ya Julai alileta pawasaplai ya kituo cha Zagayu.

"Mwangaluka, mzee Boni."

"Mwangaluka, baba. Imefanya nini?"

"Wakisikiliza, sawa. Wakibonyeza waongee, inakata."

Boniventura aliifungua, akaimaliza chaji ya kapasita kubwa kwanza, kwa sababu aliwahi kupigwa nayo na hakupenda kurudia. Fyuzi nzima. Dayodi nzima. Kwenye bamba la kupozea kulikuwa na transista nne za kubeba mzigo, na tatu zilikuwa zimekufa. Moja ilikuwa ikivuta kazi ya zote nne, ndiyo maana ilishindwa mtu akianza kuongea.

Zamani angetafuta transista kwenye redio mbovu. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa na maduka yalikuwa na kila kitu. Alitoa tatu mpya kwenye mfuko wa nailoni. Namba ilikuwa ileile, maandishi yaling'aa. Aliipima moja kiganjani, akaipima na ile ya zamani. Mpya ilikuwa nyepesi mno. Aliliona hilo. Mwenyewe hakulificha baadaye, nami sitalificha hapa.

Alizifunga, akawasha. Mita ilisoma vizuri kabisa. Akaunganisha taa za lori.

"Sasa nisubiri nini?" Nathanael aliuliza.

"Maharage."

"Nimekuja kwa fundi au kwa mama lishe?"

"Hapa vyote ni pamoja."

Nathanael aligeuka kutazama jikoni. Mafiga yalikuwa baridi. Stephania alikuwa amekwenda Malampaka kumpokea dada yake kwenye treni.

"Mbona leo hakuna maharage?"

"Leo hakuna."

"Basi leo hakuna sheria!" Nathanael akacheka. Kisha akasema lile alilokuja nalo. "Mzee, wakulima wamekaa juu ya pamba yao Zagayu wanangoja bei. Nipe hii sasa hivi, na redio zote tisa utazihudumia wewe, msimu hadi msimu. Nimeshaongea na mkubwa."

Boniventura naye alicheka. Taa ziliwaka muda wa Nathanael kumaliza soda moja, kisha Boniventura akazichomoa, akampa pawasaplai yake.

Watu wanaompenda husema alibanwa. Mimi pia nilimpenda, lakini hakuna aliyemshika mkono. Alijua sheria ile ni ya nini, maana aliitunga mwenyewe.

Siku ya tatu pikapu ilirudi. Mbele alikaa Nathanael, nyuma alikaa Marcelo, karani wa kituo cha Zagayu, amekumbatia redio iliyonuka kuungua, na ile pawasaplai iko miguuni pake. Marcelo ndiye aliyetunza pia jenereta. Alishuka akasimama, kofia mkononi.

"Mwanza wanataka jina la aliyeiunguza redio," Nathanael alisema. "Huyu anasema umeme wa jenereta haukuruka. Mimi nasema uliruka. Wewe ndiye fundi, mzee Boni. Andika 'jenereta', mimi namwondoa huyu leo, na kazi yako ipo palepale."

Stephania alikuwa amerudi. Alikuwa akipepeta mchele, akaacha.

Boniventura alichukua bisibisi. Alifungua pawasaplai, akapima. Moja ya zile transista mpya ilikuwa imeungana ndani kwa ndani, imepitisha volti zote. Aliichomoa, akamwekea Nathanael kwenye kiganja kimoja, na ya zamani kwenye kingine.

"Pima."

"Nani amekuuliza mambo ya kupima?"

"Hii ni feki. Ingekufa hapa, kwenye taa, kabla maharage hayajaiva. Niliitoa bila kuijaribu. Jenereta haina kosa, na huyu kijana hana kosa. Andika Boniventura."

"Unajua unachokikataa?"

"Ninakijua, baba. Andika."

Nathanael aliandika. Marcelo alivaa kofia yake, akapanda nyuma ya pikapu, akasema: "Mzee, asante."

Walipoondoka Stephania alimgeukia mume wake. "Yaani siku nisipopika huna akili?"

"Sina, mayu."

"Basi nitakuwa nakuachia chungu kwa jirani." Na alifanya hivyo kila aliposafiri, mpaka kibanda kilipofungwa.

Marcelo alibaki Zagayu misimu sita. Redio tisa zilipewa fundi wa Mwanza, na Boniventura, aliyefanya kazi miaka kumi na miwili zaidi kwenye kibanda kilekile cha bati, hakupata tena kazi ya ukubwa ule.