Wembe Chini ya Khanga

Nina chale tatu kila upande wa paji la uso. Alinichanja bibi yangu nikiwa msichana wa kuumwa kichwa kila mara, akapaka dawa nyeusi, akasema kichwa hakitarudi tena. Kilirudi kabla vidonda havijakauka. Hilo sikumwambia mtu. Kwetu humkosoi aliyekulea.

Mjukuu wangu, ambaye mama yake ni marehemu, alianza kuumwa kichwa akiwa darasa la tano. Upande mmoja, kinagonga kama mchi kwenye kinu. Kikimshika anatapika, hataki mwanga, hataki hata harufu ya kitunguu. Hapa Ifakara kichwa ni malaria, basi kila mara nilimpeleka kupima, na kila mara wakaniambia hana malaria. Nikasema basi, dawa naijua mwenyewe. Nikanunua wembe mpya, nikauweka sandukuni chini ya khanga zangu.

"Kikirudi tena nakuchanja," nikamwambia. "Mimi nilichanjwa na mpaka leo nalima."

Hakikurudi. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikajigamba kwa jirani yangu hapa mtaani kwetu Viwanja Sitini kwamba kichwa kimeuogopa wembe. Akacheka. "Hata mimi ningekuogopa, bibi wewe!"

Mpunga ukaanza kukomaa, tukawa tunavuka mto pale Kivukoni kwenda shamba kuamia ndege. Siku hiyo mtoto alitoka bila kutia kitu tumboni, maana mimi nimelelewa hivyo: kwanza kazi, chakula baadaye. Saa tano nikamwita, kimya. Nikamkuta chini ya dungu, kile kichanja tunachopanda kufukuzia ndege. Amejifunika gunia usoni, amejitapikia, amejiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe asitoe sauti. Ndege wanajilia mpunga juu yake.

Hospitali daktari alikuwa msichana, umri wa kitinda mimba wangu. Akaniamkia shikamoo vizuri, kisha akamgeukia mtoto.

"Mwezi huu kimekuuma mara ngapi?"

Mtoto akanitazama.

"Sema," nikamwambia. "Si mara moja tu?"

"Mara sita," akasema polepole. "Bibi ana wembe."

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu, na uso wenyewe una chale.

Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akasema huo ni ugonjwa wa kipandauso, na mara nyingi unatembea kwenye ukoo. Dawa ya maumivu apewe mapema, kinapoanza tu, kwa kipimo cha uzito wake, tusingoje kikolee. Lakini isiwe kila siku, kwa sababu dawa hizo zikizidi, zenyewe huleta kichwa. Nikakumbuka vidonge vya maumivu ninavyomeza kila asubuhi kabla ya kushika jembe, miaka nenda rudi.

"Mpe basi ya kukizuia kabisa," nikasema.

"Za kuzuia zipo, bibi, na watu wazima wengi zinawasaidia. Kwa watoto, nyingi zilipolinganishwa na kidonge kisicho na dawa ndani, hazikukishinda sana. Tuanze na chakula cha asubuhi, maji, usingizi, na asishinde juani. Na aseme kikianza." Hilo la mwisho alilisema akinitazama mimi. Kisha akauliza, "Hizo chale, wewe zilikusaidia?"

Mjukuu wangu alikuwa ananiangalia. Mimi ni mtu wa kujivuna, najijua.

"Hapana," nikasema. "Hata siku moja."

Tulipofika nyumbani nilifungua sanduku, nikampa wembe ukiwa bado kwenye karatasi yake, nikamwambia akautumbukize chooni mwenyewe. Akaenda. Aliporudi akanigusa usoni, chale moja baada ya nyingine.

"Ulilia, bibi?"

"Nililia."

Vile vidonge vya kila asubuhi nimeviacha, na siku za mwanzo nilidhani kichwa kitapasuka. Chake bado kinamjia, sitawadanganya, ila si kama zamani. Juzi kilimkuta anapepeta mchele. Akauweka ungo chini, akasema kwa sauti mpaka jirani akasikia, "Bibi, kinaanza."

Nikanyanyuka kumletea dawa na maji.