Jina la Yakobo Chini ya la Mama Yake

Asubuhi ile Uvira, mashariki mwa Kongo, nilikuwa naanika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Binti yetu Furaha alikuwa akiwafukuza kuku wasiwadonoe. Uani, mume wangu Yakobo alikuwa akimnyoa mama yake, na bibi akamtania kwamba ni kinyozi mwenye mteja mmoja, tena asiyelipa. Tulicheka. Vita vilitukuta hivyo, kila mtu na kazi yake mkononi.

Mchana milio ya bunduki ilisikika upande wa barabara kuu. Jioni tulikuwa tunapanda milima pamoja na umati wa watu. Bibi hakuweza kutembea. Yakobo alimfunga mgongoni kwa kitenge, kama mtoto.

Katikati ya mteremko alichoka.

Risasi zilikuwa chini yetu. Alimlaza mama yake nyuma ya jiwe.

"Mama Furaha, tangulia na mtoto," akaniambia. "Tutawakuta kwenye chemchemi ya huko juu."

Nilitangulia.

Tuliwangoja chemchemini mpaka watu wa mwisho wakapita. Hakuna aliyekuwa amewaona.

Miaka ya tisini ilipokaribia kwisha, nilikuwa mkimbizi Toronto, Kanada, pamoja na Furaha, nikishona foronya katika kiwanda kimoja mtaa wa Agincourt. Kina mama wa kanisa letu walinihimiza niweke matanga. Kwetu, matanga ndiyo yanayokupa ruhusa ya kulia mbele za watu. Nilikataa. Kuweka matanga ni kusema Yakobo amekufa, na mimi sikumwona akifa.

Lan, mkimbizi kutoka Vietnam aliyeshona kwenye mashine ya jirani, hakunihimiza. Jumapili moja baada ya ibada alitupeleka kwenye hekalu la Kibudha nje ya jiji, juu ya kilima kirefu ambacho waumini wanakiita mlima. Kama neno hekalu linakutisha, mimi pia lilinitisha. Ni majumba mengi, moja juu ya jingine kando ya mteremko, yenye paa zilizopinda pembeni na harufu ya ubani, na watu wanakukaribisha chai. Kilichonirudisha kwenye milima ya kwetu ni ngazi. Tulipofika katikati, Furaha alisimama akageuka kutazama chini. Nilijua anamtazamia nani.

Katika ukumbi mmoja, ukuta mzima ulijaa karatasi za majina ya watu wanaoombewa. Lan alinieleza kwa Kiingereza chetu cha kiwandani: nyekundu ni ya aliye hai, njano ni ya aliyekufa. Nikamuuliza, na mtu usiyejua yuko wapi?

Aligusa karatasi moja ya njano ukutani. "Kaka yangu alipotea baharini," akasema. "Miaka mingi nilimwandikia nyekundu. Miaka yote hiyo sikumlilia."

Jina la bibi niliandika kwenye njano. Alikuwa mzee, na milima ya kwetu ina baridi. Kisha nikachukua nyekundu kwa ajili ya Yakobo, na kalamu ikakataa kwenda. Chemchemi ile aliijua tangu utotoni. Kama mama yake angefia pale kwenye jiwe, angemzika na kutufuata. Na kama alikuwa bado anapumua, Yakobo asingeondoka, hata kama wenye bunduki wangefika.

Furaha, ambaye siku hizo alinijibu kwa Kiingereza tu, alinishika kiwiko. "Mama," akasema kwa Kiswahili, "mwandike pamoja na bibi."

Nikairudisha nyekundu.

Jumamosi iliyofuata niliweka matanga katika nyumba yetu ya kupanga mtaa wa North York. Kina mama walileta masufuria, Lan akaleta machungwa. Nililia kwa sauti. Kama na wewe unamngoja mtu, sikuambii uache. Nakwambia tu kwamba kulia hakukumwondoa Yakobo. Alikuwa ameshaondoka, nami nilikuwa nimekaa chemchemini peke yangu muda mrefu mno.

Kaburi lao silijui. Nina karatasi ile ya njano tu, huko hekaluni. Ilikuwa imebaki nafasi ndogo chini ya jina la bibi, nikamwandika Yakobo hapo, chini, akiwa amembeba.