Asubuhi ya Neno la Mkate

Enzi zetu, sisi tuliokwenda shule na daftari mkono huu na jembe mkono ule, familia yetu ilihamia Kigonsera, huko Mbinga. Baba alikuwa bwana shamba, mtu wa Tanga, kaletwa kwenye kahawa za Wamatengo. Nilikuwa darasa la sita na sikujua hata salamu ya Kimatengo. Kengele ya mapumziko ikilia, wenzangu walirudi kwenye lugha yao, mimi nikabaki ukutani nikichimba udongo mwekundu kwa kidole cha mguu. Kipindi cha dini nacho nilikaa nje, Mwislamu peke yangu, nikisikiliza sala zao dirishani, mara kwa Kilatini, mara kwa Kiswahili.

Mwalimu Kapinga wa Kiingereza alikuwa ameacha seminari, ila Kilatini hakikumwacha. Asubuhi moja ya mvua aliandika ubaoni *companion*, akalikata vipande kwa chaki.

"Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, Wafaransa kwa Warumi wa kale. *Cum* ni pamoja. *Panis* je? Nyie wa misa, si mnasali *panem nostrum*?"

Nikakumbuka sala ya dirishani, "utupe leo mkate wetu", nikanyoosha mkono. "Mkate, Mwalimu."

Wote wakageuka. Mwalimu alicheka hadi miwani ikamshuka. "Binti wa bwana shamba! Basi mwenzi ni yule unayekula naye mkate."

"Mwalimu, sisi mkate tunauona Krismasi tu," alisema Osmunda wa dawati la nyuma, darasa likaangua kicheko.

Mapumziko Osmunda alinifuata ukutani, akamega kiazi chake. "Kula. Mkate hakuna."

Tulikula pamoja mwaka mzima. Kisha Baba akahamishiwa Mbamba Bay, tukateremka milima kwa lori hadi ziwani. Nilimwandikia Osmunda barua tatu. Akajibu moja, kwamba wanahamia kijiji kipya cha ujamaa. Baada ya hapo, kimya.

Vijana wa leo wana marafiki elfu mbili kwenye simu. Nilimwuliza mjukuu wangu maana ya neno lile. Akanijibu "mwenzi" bila kuinua kichwa, kabla sijamaliza kulitamka. Hakukosea. Sisi lilituchukua asubuhi nzima, mvua ikipiga bati.

Kila nikutanapo na mtu wa Mbinga, namwulizia Osmunda Ndunguru. Wananijibu, "Wapo wengi, Mama. Yupi?"

Nami sura yake siikumbuki tena vizuri.